Nilianza Kusoma Ughaibuni Nikiwa Kidato cha Kwanza

Mtihani ulikuwa wa mdomo, dakika 20, chumba kidogo chenye meza moja. Upande wa pili alikaa profesa, na pembeni yake msaidizi mwenye karatasi ya maksi. Ilikuwa Februari 2024 mjini Dresden, mashariki mwa Ujerumani, na mimi nilikuwa nimebukua wiki tatu mfululizo. Kanuni ya Darcy ya mwaka 1856 ya jinsi maji yanavyopita mchangani nilikuwa nayo. Kanuni ya Ghyben na Herzberg ya visima vya pwani nilikuwa nayo pia, mpaka ukurasa ilipoandikwa niliuona nikifumba macho.

Profesa akavuta karatasi nyeupe. Akachora mstari wa bahari, akachora ardhi, katikati akaweka kisima. Akasema: nieleze kinachotokea kisima hiki kikivutwa maji kila siku, mwaka hadi mwaka, ila usinitajie kanuni hata moja. Nieleze kama unavyomweleza mama yako.

Nikanyamaza. Nilipofungua mdomo, kilichotoka ni kanuni ileile nikiisoma kwa maneno badala ya herufi. Akatikisa kichwa bila ukali. Akaniuliza kama kwetu watu wanachimba visima. Nikasema ndiyo, hata mjomba wangu ni fundi wa visima. Akaegemea kiti: "Basi mjomba wako anasemaje?"

Hilo swali ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Mjomba amechimba visima Kigamboni tangu mimi sijazaliwa. Likizo za shule nilikuwa namsaidia kuvuta karai la tope kwa kamba. Akishakutana na maji, hupanda juu, akachota kwa kiganja, akayaweka kwenye ulimi kabla hajasema neno. Vijana wake anawaambia siku zote: ukikutana na maji, teremka kidogo tu, kiasi cha ndoo kuzama, kisha acha. Ukizidi, utaiita bahari. Mwaka ule jirani mmoja alipofunga pampu kubwa na kuanza kuuza maji kwa maboza, mjomba alinisimamisha pale uani akaniambia: "Mjomba, maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Huyu anakomba mafuta kwa pupa. Utaona mchuzi unavyopanda." Haikupita miaka mingi, maji ya jirani yakawa hayafai hata kufulia, sabuni haitoi povu.

Nikamweleza profesa hivyo, nikitafsiri neno kwa neno, mafuta na mchuzi na yote. Alikuwa ameweka kalamu chini. Nilipomaliza akamwambia msaidizi aandike, kisha akanigeukia: hiyo ndiyo kanuni ya Herzberg, umeieleza vizuri kuliko kitabu.

Na kweli ndiyo. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji matamu, kwa kiasi cha sehemu 25 katika 1,000. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuyafanya maji ya mvua yaliyozama ardhini yaelee juu ya maji ya chumvi. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna takriban mita 40 za maji matamu kabla hujafika kwenye chumvi. Ukishusha juu mita 1, chini chumvi inakupandia mita 40. Mholanzi Badon Ghyben alikuwa ameshaliandika jambo hili mwishoni mwa karne ya 19. Alexander Herzberg, Mjerumani, akalitoa mwaka 1901 kutokana na visima vya kisiwa cha Norderney, huko Bahari ya Kaskazini. Mjomba wangu hajawahi kulisikia jina la mmoja wao.

Nilifaulu mtihani, lakini usiku ule sikulala vizuri. Kanuni ya Ghyben na Herzberg sikuikuta Ujerumani. Nilifundishwa Dar es Salaam nikiwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa maji, nikaulizwa kwenye mtihani, nikapata alama ya juu kabisa. Maneno ya mjomba nilikuwa nayo tangu nina miaka kumi na kitu. Vitu hivi viwili vilikaa kichwani mwangu miaka yote hiyo bila kukutana hata siku moja. Kimoja kilikuwa kimehifadhiwa kwa Kiswahili, kingine kwa Kiingereza, na kati yao hapakuwa na mlango. Ilibidi nipande ndege, nivuke bara zima, mzee wa Kijerumani aniulize kuhusu mjomba wangu, ndipo vikasalimiana.

Niliporudi nyumbani watu waliniuliza mambo mengine. Baridi ikoje? Ni kali, na kinachochosha zaidi ni giza: Desemba saa kumi jioni jua limeshazama. Hela je? Mwaka niliokwenda, asiye na ufadhili alitakiwa kuonyesha euro 11,208 benki kabla hajapewa viza, na akifika anaruhusiwa kutoa euro 934 kwa mwezi, kodi ya chumba humo humo. Ubaguzi upo? Upo. Siku za maandamano ya kupinga wageni nilikuwa nakwepa katikati ya mji, na kuna mama mmoja alihama kiti kwenye tramu nilipokaa karibu naye. Kuna pia mzee wa ghorofa ya chini aliyeniletea koti la marehemu kaka yake wiki ya kwanza ya Novemba, akaliweka begani kwangu kupima kama litanitosha. Yote hayo ni kweli, na kila aliyesoma nje ana yake. Lakini mengi ya hayo humalizika safari ikiisha. Suala la lugha nimerudi nalo, na linahusu mamilioni ya watoto ambao hawatapanda ndege kamwe.

Nikueleze la jikoni. Nilikaa nyumba moja na wanafunzi watatu wa Kijerumani. Mmoja wao alitembelewa na mdogo wake wa miaka 12, binti mdadisi, na jioni moja tukiwa tunasubiri sufuria ichemke akaniuliza nasoma nini. Nikasema maji. Akaanza kunihoji kama polisi: maji yameundwa na nini? Nikamjibu kwa Kijerumani changu cha kuungaunga, nikatumia neno hydrogen. Akasahihisha: Wasserstoff. Akalikata katikati kwa mkono, kama mtu anayekata mkate. Wasser ni maji, Stoff ni kitu, dutu. Dutu ya maji. "Jina lenyewe linasema," akaniambia. Oksijeni wanaiita Sauerstoff, dutu ya uchachu. Naitrojeni ni Stickstoff, dutu inayokaba pumzi, kwa sababu mnyama akifungiwa humo peke yake anakufa. Kaboni ni Kohlenstoff, dutu ya makaa.

Nilirudi kwenye darasa langu la kidato cha kwanza. Mwalimu aliandika neno hydrogen ubaoni, akaliendeleza herufi kwa herufi, sisi tukalinakili, akatutamkisha mara tatu. Hapakuwa na mtu wa kutuambia kwamba neno hilo nalo lina maana ndani yake, kwamba kwa Kigiriki ni kizaa maji, na oxygen ni kizaa uchachu. Wajerumani walichofanya ni kulifungua lile neno la Kigiriki na kulivalisha nguo za nyumbani. Na hawakupata kila kitu sawasawa: jina la uchachu limetokana na kosa la Mfaransa Lavoisier, aliyedhani kila asidi lazima iwe na oksijeni, na baadaye ikabainika sivyo. Kosa limo ndani ya jina hadi leo. Pamoja na hivyo, mtoto wa miaka 12 ana kitu cha kushika. Sisi tulipewa sauti tupu, tukaambiwa tuikumbuke mpaka mtihani.

Ndiyo maana nasema nilianza kusoma ughaibuni nikiwa kidato cha kwanza, pale pale nyumbani. Mtu akienda Ujerumani au China kusoma, kila mmoja anajua atapata tabu ya lugha. Atapewa kozi ya mwaka, atahurumiwa, atasubiriwa. Mtoto wa Kitanzania anatoka darasa la saba aliposoma sayansi, hisabati na jiografia kwa Kiswahili miaka saba, na baada ya likizo fupi anakuta kila kitu kimegeuzwa. Anapewa wiki chache za kozi ya kuingilia, kisha baiolojia inaanza. Akinyamaza, tunasema hana uwezo.

Huo unyamavu nilikwenda nao Dresden. Muhula wa kwanza sikuuliza swali hata moja kwenye semina. Wenzangu walikuwa wanamkatiza profesa, wanasema "hapo sijaelewa" bila haya, na mwisho wa kipindi wanagonga meza kwa vifundo vya vidole kumshukuru. Mimi nilikuwa nagonga meza tu. Nilidhani ni heshima za kwetu, kwamba tumelelewa kutopinga mkubwa. Baadaye nikakumbuka kwamba shule ya msingi nilikuwa msumbufu wa maswali. Nililinyamazisha swali sekondari, kwa sababu kuuliza kulihitaji nilitunge kwanza kwa Kiingereza, na aliyekosea alichekwa na darasa zima. Aliyesikika anaongea Kiswahili uwanjani alivishwa kibao shingoni hadi amkamate mwenzake. Tulifundishwa kunyamaza kwa bidii, miaka minne, kisha miwili mingine. Tusiseme ni utamaduni wa Mwafrika. Nendeni kijiweni, nendeni kwenye baraza la kahawa, msikilize kama Mwafrika hana maswali.

Kuna wanaosema Kijerumani kilizaliwa kikiwa lugha ya sayansi, na Kiswahili bado. Nilipanda treni kwenda Leipzig, mwendo wa saa moja na ushei kutoka Dresden, nikajifunza kitu. Mwaka 1687 mwalimu kijana wa sheria aitwaye Christian Thomasius alibandika tangazo la mhadhara wake kwa Kijerumani. Vyuo vyote vya huko vilikuwa vinafundisha kwa Kilatini, na wasomi walikereka. Kijerumani kilionekana ni lugha ya sokoni na jikoni. Miaka mitatu baadaye Thomasius aliondoka Leipzig baada ya kugombana na wakubwa, akaenda Halle, na huko kikaanzishwa chuo kikuu mwaka 1694. Christian Wolff akafuata, akaandika hisabati na falsafa kwa Kijerumani, akiziunda istilahi huku akifundisha. Istilahi hazikutangulia kufundisha, zilizaliwa humo humo darasani.

Sisi tumekwenda kinyume. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ikapendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985 na vyuo vikuu vifuate mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tarehe ziliwekwa kabisa. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta wengi hawakiwezi kiasi cha kusomea masomo mengine. Wakapendekeza Kiingereza kiendelee, kipewe nguvu zaidi. Miaka hiyo hiyo Mwalimu Nyerere alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Namheshimu Mwalimu kuliko ninavyoweza kuandika. Yeye mwenyewe alisoma Edinburgh kati ya 1949 na 1952, akarudi, akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili fasaha. Kama lugha iliweza kumbeba Shakespeare, ingeshindwa vipi kubeba baiolojia ya kidato cha pili? Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Istilahi zipo. Zimekaa kabatini zikingoja darasa. Sera ya elimu ya 2014 ikafungua mlango wa Kiswahili kufundishia ngazi zote, na hadi leo mtihani wa baiolojia wa kidato cha nne unaandikwa kwa Kiingereza.

Rafiki zangu wananijibu hivi: wewe umefika Dresden kwa sababu ulisoma kwa Kiingereza, sasa unataka kuwaondolea wenzako ngazi. Jibu hili linauma kwa sababu lina ukweli. Kozi yangu ya uzamili ilikuwa ya Kiingereza, bila lugha hiyo nisingechaguliwa. Lakini darasani tulikuwa na Wajerumani tisa. Wote walisoma kwa Kijerumani kuanzia chekechea hadi shahada ya kwanza. Kiingereza walikisoma kama somo, na mwalimu aliyesomea kukifundisha. Semina ilipoanza, Kiingereza chao kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyefundishwa kwa lugha hiyo miaka kumi. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelisema jambo hili kwa miaka mingi: kufundisha lugha ni kitu kimoja, kufundisha masomo kwa lugha hiyo ni kitu kingine, na tunavichanganya. Mimi nilikuwa nalisoma kama hoja. Pale darasani niliiona imekaa kwenye viti tisa.

Wazazi siwalaumu. Dada yangu anamlipia mwanawe shule ya mchepuo wa Kiingereza, ada inamla mshahara, na nikiwa yeye ningefanya hivyo hivyo maadamu usaili wa kazi nyingi unafanywa kwa Kiingereza na mtihani wa taifa pia. Mzazi mmoja mmoja hawezi kubadilisha mchezo kwa kumtoa mwanawe mhanga. Na sidai Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa kila mtoto. Rafiki yangu wa Chamwino alianza darasa la kwanza akijua Kigogo tu, Kiswahili alikikuta shuleni. Ila naye alishakizoea, alishakitumia miaka saba kuhesabia na kuulizia, ndipo akanyang'anywa.

Elbe, mto unaopita Dresden, una mawe yanayoonekana ukame ukizidi tu. Ukiupandisha mto hadi upande wa Cheki, katika mji wa Děčín, kuna jiwe ambalo mwaka wa zamani zaidi unaosomeka juu yake ni 1616, na lina maneno ya Kijerumani: ukiniona, lia. Watu wa mto walichonga vipimo vyao kwa lugha yao, kwamba maji yakishuka hadi hapa, njaa inakuja. Leo wanasayansi wanayatumia mawe hayo kujua ukame wa karne zilizopita. Nilisimama Dresden mbele ya alama ya mafuriko ya Agosti 2002, mto ulipofika mita 9.40, nikamfikiria mjomba. Yeye anakumbuka kila kisima alichochimba, kina chake, mwaka kilipogeuka chumvi. Hajaandika hata kimoja. Nani angemsomea, na kwa lugha gani?

Niliporudi, wiki ya pili nilivuka na pantoni kwenda kumwamkia. Nilikuwa nimebeba ule mchoro wa profesa, alinipa baada ya mtihani. Tukakaa chini ya mwembe, nikamsimulia habari za Norderney na Herzberg. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akataka kujua kama huyo Mjerumani alikuwa anayaonja maji. Nikamwambia namba ya 40. Akaninyooshea kidole kisima chake mwenyewe: maji yangu je? Tukakadiria. Kama maji yake yamesimama nusu mita juu ya usawa wa bahari, chumvi iko mita 20 chini. Akishusha maji kwa sentimita 10 tu, chumvi inampandia mita 4. Alirudia ile 4 mara mbili, akatazama kwa jirani, akaguna.

Akaniambia nimwandikie, kwa ajili ya vijana wake. Nikachukua daftari. Sentensi ya pili nikakwama: mahali maji matamu yanapogusana na maji ya chumvi panaitwaje? Kwa Kiingereza nilijua, kwa Kijerumani nilijua. Mjomba hakufikiri sana. "Andika makutano." Nikaandika makutano. Tukajaza kurasa tatu hadi magharibi, mimi nikitaja, yeye akinisahihisha.

Kijana wake mmoja, aliyemaliza kidato cha nne na kupata sifuri ya fizikia, alipewa asome kwa sauti. Alisoma vizuri, kwa mwendo. Ukurasa wa pili akasimama. "Mjomba, kwa hiyo tukizima pampu usiku, makutano yanashuka tena?"

Nikamwambia yanashuka, ila polepole mno, pengine miaka. Akauliza miaka mingapi. Mjomba akanigeukia akingoja jibu, na mimi nikafungua ukurasa mpya.